Gurudumu la Nyuma Kushoto

Kila gari lilipofunga breki, mke wa Fundi Goti alisema, "Ee Mungu wangu," kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na aliyekaa karibu naye. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele, mumewe pale kwenye usukani angepata la kujibu. Lakini ile "Ee Mungu wangu" ilimwingia mgongoni na kukaa humo mpaka breki inayofuata, na barabara ya kwenda hospitali ilikuwa ya breki tupu: matuta, mashimo, watu wanaovuka bila kutazama, na mwisho wake ule mteremko mrefu unaoshuka mpaka bondeni.

"Shemeji," alisema mdogo wa mkewe kutoka nyuma, alikokuwa amekaa kwenye godoro akimshikilia dada yake nyonga zisiyumbe. "Hivi hili gari linasimama au linacheza?"

"Linasimama."

"Mbona meno yangu yanagongana?"

"Funga mdomo, hayatagongana."

Mgonjwa alicheka kidogo, na kucheka nako kukamuuma.

Ugonjwa wake ulianzia kwenye titi. Ukatibiwa, ukatulia, watu wakamshukuru Mungu, kumbe ulikuwa umehama tu. Ulipojitokeza tena ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa, kwenye nyonga na uti wa mgongo. Mashine ya mionzi ilikuwa katika hospitali ya bondeni peke yake, naye alitakiwa kurudi huko kila wiki mpaka daktari atakaposema basi. Kukaa hakuweza. Mumewe aling'oa viti vya nyuma vya gari lao jeupe, lile la mgongo mrefu, akatandika godoro alilokuwa akilalia yeye tangu mkewe augue. Tangu hapo yeye alilala juu ya mkeka na hakumwambia mtu.

Jina la Goti alipewa gerejini. Hakuwahi kushika gari la mtu kabla hajapiga goti kwanza kando ya gurudumu, akaliangalia, akalipapasa, akanusa. Wenzake walimtania kwamba anayaombea matairi.  Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na kazi yake hasa ilikuwa breki. Wengine walikimbilia injini kwa sababu injini ina sifa. Yeye alisema gari lisilowaka halimuui mtu, lisilosimama ndilo linaua. Gereji yake ilikuwa kiwanja kilichozungushiwa mabati, ardhi nyeusi kwa oili iliyomwagika miaka na miaka, kontena la kuwekea vifaa, na tairi kuukuu lililotundikwa getini badala ya kibao. Watu walitoka mbali kumletea magari yanayotetemeka.

Ndiyo maana ilimuuma. Magari ya watu yalitoka pale yakisimama kama yamewekwa na mkono, na lake, lililombeba mkewe, lilitikisika kama lina homa.

Si kwamba hakuligusa. Mara ya kwanza alikagua matairi na kukaza nati zote upya, kwa kupishana, moja huku na nyingine upande wa pili, maana nati zikikazwa vibaya huvuta diski ya breki, ile sahani ya chuma ya nyuma ya gurudumu, ikapinda. Mara ya pili alifungua magurudumu ya mbele, akakwangua kutu yote nyuma ya diski, akafunga diski mpya na padi mpya zinazoibana. Alijua kwamba gari likitetemeka kwenye breki, mara nyingi ugonjwa uko mbele. Mitetemo ikapungua siku mbili tatu. Halafu walipotoka hospitali ikarudi vilevile, labda zaidi.

Siku hiyo walipofika nyumbani, walimwingiza mgonjwa wakimbeba kwa shuka, yeye kichwani, shemeji miguuni. Chumba chao kilikuwa kidogo, kitanda, meza ya dawa, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Walipomlaza alikuwa akihema. Jasho lilikuwa limemtiririka mpaka kwenye masikio. Kisha akasema, akiwa ameyafumba macho:

"Wiki ijayo siendi."

"Huendi wapi?" akauliza mumewe.

"Hospitali. Mionzi yenyewe haiumi, baba. Ninalala tu, inapita. Kinachoniua ni njia. Kila breki ni kama mtu ananifungua mifupa kwa bisibisi. Niache nife nimetulia."

"Usiseme hivyo."

"Nimeshasema."

Shemeji alitoka nje, naye Goti akamfuata. Yule mama alikuwa fundi cherehani, mwembamba, mwenye ulimi mkali na moyo laini, na alipokuwa na uchungu ulimi ndio uliotangulia.

"Daktari alisema tukikatisha katikati tumefanya kazi bure," alisema. "Umemsikia mwenyewe."

"Nimemsikia."

"Teksi hataki. Amesema hawezi kulia mbele ya dereva asiyemjua. Kwa hiyo ni wewe na hili gari lako. Shemeji, nikuulize. Magari ya watu yanapona. La dada yangu ndilo limeshindikana?"

"Nimebadilisha kila kitu mbele."

"Mbele." Alimtazama. "Mimi gauni likivuta begani sibadilishi zipu. Namvalisha mwenyewe, namuuliza, linakubana wapi?"

Goti alikwenda kunawa mikono. Lakini neno lile lilimkaa, na alipomaliza kunawa mikono alirudi chumbani, akavuta kigoda, akakaa karibu na kitanda. Ilimchukua muda kuanza. Mteja akileta gari, swali la kwanza huwa linajulikana: mtetemo unausikia wapi? Miezi yote hii alikuwa hajamuuliza mkewe. Aliona aibu kumuuliza mtu mwenye maumivu, na zaidi ya hapo, aliamini mikono yake iliyoshika usukani ilijua kila kitu.

"Mama watoto," alisema, "ule mtetemo. Unausikiaje?"

Alifungua jicho moja. "Leo nimekuwa mteja?"

"Leo umekuwa mteja."

"Basi nipangusie jasho kwanza. Wateja wako huwa unawapa kiti." Alipopanguswa alitafuta maneno. "Hautoki kwako mbele. Kwako unafika umechoka. Unaanzia huku chini yangu, upande wa kushoto, kwenye nyonga hii mbovu. Halafu haupigi mfululizo. Unapiga, unaacha, unapiga, unaacha. Kama mtu anayechechemea. Na gari likikaribia kusimama, anachechemea polepole."

"Chini ya nyonga ya kushoto."

"Godoro lako limelalia gurudumu, baba. Wewe umekaa na usukani wako, mimi nimelala juu ya lenyewe. Sikukwambia nikidhani unajua."

 Goti akainuka na kuchukua ufunguo.

Alilipeleka gari kwenye barabara tambarare ya nyuma ya shule, ambako mchana ule hapakuwa na gari jingine. Aliendesha mwendo wa wastani, akaondoa mguu kwenye pedali zote. Akashika handibreki huku amebonyeza kitufe chake isijifunge, akavuta kidogo kidogo. Handibreki ya gari lile ilikamata magurudumu ya nyuma tu. Usukani ukatulia kimya mikononi mwake kama kikombe mezani. Kiti ndicho kilichoanza kumtikisa. Unapiga, unaacha. Unapiga, unaacha. Alirudia tena, na tena, ingawa alikuwa ameshajua tangu mara ya kwanza. Fikira za zile diski mpya alizozifunga mbele kwa mikono yake, akijisifu, zilimfanya atake kutema mate.

Gerejini alipiga jeki nyuma, akatoa gurudumu la kushoto, akapiga goti. Ndani kulikuwa na dramu, lile sufuria la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu, ambalo breki hulibana kwa ndani ili gari lisimame. Lilikuwa limeng'ang'ania. Aliligonga kuzunguka kwa nyundo ya mbao mpaka likaachia, akaliweka mapajani na kulipima upana wake wa ndani kwa kipimo chake cha chuma, kwanza huku, kisha kukatiza. Vipimo havikulingana. Halikuwa duara tena. La kulia nalo lilikuwa limeharibika, lakini si sana, maana waya wa handibreki upande ule ulikuwa umelegea kitambo.

Alimpelekea yote mawili mchonga vyuma, rafiki yake wa siku nyingi aliyekuwa na mashine ya kuchongea kwenye kibanda cha jirani, mtu mnene aliyeitwa Cheche kwa sababu fulana zake zote zilikuwa na matundu ya kuungua. Cheche alilifunga la kushoto kwenye mashine, akalizungusha taratibu, akaliangalia linavyopanda na kushuka.

"Hili si dramu," alisema. "Hili ni yai. La nani?"

"Langu."

"La gari la mkeo?" Cheche alizima mashine. Wote pale walijua habari za mgonjwa. Alipangusa mikono kwenye fulana, akaongea kwa upole kuliko kawaida yake. "Hii inatokea dramu likiwa moto sana, halafu mtu anavuta handibreki mpaka mwisho na kuondoka. Chuma cha moto kimebanwa pande mbili tu, kinapoa kimebanwa hivyohivyo. Kinakaa yai. Wewe unalijua hilo, ulinifundisha wewe. Nani anaendesha hilo gari?"

Goti aliinamia lile dramu. Cheche naye, alipoutazama uso wake, aliona bora ashughulike na mashine.

Aliyeendesha ni yeye Goti. Aliushuka mteremko wa hospitali akiwa ameikanyaga breki kutoka juu hadi chini, polepole, kwa kumwonea huruma mkewe, na kumbe huruma ile ndiyo iliyopika madramu. Kisha uwanja wa kuegesha magari pale hospitali umelala upande, na yeye alivuta handibreki mpaka ikalia, akavuta tena kwa mikono miwili. Hivyo kila wiki, gari likisimama saa nyingi. Ilikuwa tabia yake tangu ujana. Alipokuwa anajifunza kazi, lori lisilovutwa handibreki liliserereka likambana mwenzake ukutani, na yeye ndiye aliyekuwa ameshika mkono wa yule kijana mpaka akakata roho. Tangu siku hiyo hakuwahi kuacha gari bila kuvuta hadi mwisho, na kila mteja alimwambia: vuta mpaka ilie. Alijua pia habari za dramu la moto. Vitu vyote viwili alivijua, ila havikuwahi kukutana kichwani mwake.

Cheche alichonga yote mawili, la kushoto mwisho. Vumbi la chuma lilidondoka kama unga mweusi. Alipomaliza, duara lilikuwa safi, likang'aa ndani. Aliligonga kwa ukucha.

"Limenyooka. Lakini limekonda. Hapa nilipofikia ni mwisho wake. Likipinda tena usiniletee, nitakuwa nakuchongea kifo."

"Jipya?"

"Gari la umri huo? Labda uagize, usubiri. Mgonjwa ana siku ngapi?"

Kisha akajutia swali lake, akainama kutafuta kitambaa.

Jioni Goti alimweleza mkewe yote, habari za mteremko, handibreki na yai. Alieleza akitazama ukuta wa jirani dirishani. 

"Kwa hiyo ni wewe uliyekuwa unanitikisa," alisema mkewe.

"Ni mimi."

"Na mimi nilikuwa namuuliza Mungu nimemkosea nini." Alinyoosha mkono, akamshika kidole kimoja tu, maana nguvu za kushika mkono mzima hakuwa nazo. "Haya. Nitakwenda. Lakini likinitikisa tena, nateremka na kutembea kwa miguu, na wewe unajua sina miguu."

Siku ilipofika Goti alikuwa ameandaa kipande cha mbao ngumu, amekikata mshazari kama kipande cha keki. Waliondoka asubuhi. Kwenye tuta la kwanza alikanyaga breki, akajikaza. Gari likapungua mwendo, likakaribia kusimama, kimya, kama mtu anayekaa chini taratibu. Hakusikia "Ee Mungu wangu." Alimwangalia shemeji kwenye kioo. Shemeji alikuwa ameukunja mdomo akitazama nje, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Hata meno?" Goti aliuliza.

"Endesha gari, shemeji. Usinisemeshe."

Mteremko aliushuka kwa gia ya chini, injini ikinguruma na kulizuia gari, mguu ukigusa breki na kuachia. Magari yalimpigia honi nyuma. Aliyaacha yapige.

Pale hospitali wauguzi walimteremsha mgonjwa kwa kitanda cha magurudumu. Goti alizima gari likiwa kwenye gia, na mkono wake, wenyewe, ukaenda kwenye handibreki na kuikamata. Aliuangalia kama mkono wa mtu mwingine. Akauondoa, akashuka, akaisukumia ile mbao chini ya gurudumu la mbele.

"Mzee," mlinzi wa uwanja alikuja akiburuta viatu. "Handibreki hujavuta."

"Breki ni za moto. Nimeweka mbao."

"Mbao ni ya kupikia. Hapa ni mteremko, chini kule wanapita wagonjwa. Vuta au ondoa gari."

"Nikivuta sasa hivi, dramu linapinda."

"Mimi sijui dramu. Mimi najua gari likishuka nafukuzwa kazi."

Goti alimwelewa. Huyo mlinzi alikuwa anasema maneno yake mwenyewe, yale aliyowaambia watu maisha yake yote. Akamwona yule kijana ukutani, na akamwona mkewe juu ya godoro, na hakujua amsikilize yupi. "Basi nitakaa hapa nalo," alisema. "Sitaondoka mpaka lipoe. Likisogea, litanipitia mimi kwanza."

Mlinzi alimtazama, akaguna, akaenda zake. Shemeji alikuwa anamwita kutoka mlangoni, kwamba leo daktari anataka kuongea nao wote. Alimpungia mkono: tangulieni, nakuja. Akakaa chini, mgongo kwenye bampa la mbele, kisigino kimegandamiza mbao. Chuma kile kilipoa polepole. Kila alipokwenda nyuma kukigusa kilikuwa bado cha moto.

Shemeji alipotoka alikuwa peke yake. Alikuja mpaka garini, akasimama.

"Daktari amesema inatosha," alisema.

Goti aliinuka haraka, uso ukimng'aa. "Imekwisha? Amemaliza?"

"Inatosha, shemeji." Alishika kilemba chake, akakivuta mbele. "Hawaendelei. Picha mpya zimeonyesha ugonjwa umeingia kwenye ini. Wametupa dawa za maumivu, za kunywa. Wamesema tukae naye nyumbani. Wamesema hakuna haja ya kumsumbua tena na safari."

"Nilikuwa nakuja," alisema Goti. "Nilikuwa nangoja lipoe."

"Najua."

"Alisemaje yeye?"

"Alimuuliza daktari kama anaweza kumpa mume wake kiti, maana amekaa chini juani. Alikuona dirishani."

Walirudi nyumbani kwa barabara ileile. Kupanda hakuhitaji breki. Walipofika juu, matuta yakaanza, na gari likasimama na kuondoka, likasimama na kuondoka, bila kutikisika hata kidogo. Breki nzuri kuliko hizo hakuwahi kuzitengeneza maishani mwake. Nyuma palikuwa kimya. Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. Mgongo wake, uliozoea ile "Ee Mungu wangu", ulingoja na haukupata kitu, na hofu ikampanda kifuani. Barabara ilikuwa nyeupe mbele, haina tuta wala mtu. Alikanyaga breki bure. Kimya. Akakanyaga tena.

"Baba," sauti ilitoka kwenye godoro, nyembamba, "unapima breki au unanipima mimi?"

Pumzi zilimrudia. "Sikukusikia ukiomba."

"Naomba kimoyomoyo. Zamani nilikuwa nalazimishwa." Alipiga mwayo. "Nilikuwa nimesinzia. Ni kuzuri huku. Kesho, kama nitakuwa na nguvu, nizungushe tena. Si hospitali. Popote."

"Nitakuzungusha."

"Taratibu lakini."

"Taratibu."

Walipofika nyumbani walimbeba kwa shuka, yeye kichwani, shemeji miguuni, wakamlaza, wakampa dawa mpya. Shemeji akabandika maji. Goti alitoka kwenda kulifunga gari. Uwanja wa pale nyumbani ulikuwa tambarare, hata mpira usingebingirika. Hata hivyo aliweka mbao chini ya gurudumu la mbele, akazunguka nyuma upande wa kushoto, akapiga goti. Akaingiza vidole kati ya matundu ya rimu, akagusa.

Jirani aliyekuwa akianua nguo kwenye kamba alimwona amekaa hivyo kwa muda mrefu.

"Fundi, gari limeharibika tena?"

"Hapana," alisema. "Limepona. Nasubiri lipoe."